Mizani Haiachwi Wazi

Hasira ya Lea Laurenti ilikuwepo kabla yake. Aliirithi kwa baba yake, pamoja na paji pana la uso na shamba la ekari nne kule Sepuka. Enzi za ushirika, mbegu za alizeti zilipokuwa na mnunuzi mmoja tu, mzee Laurenti alikuwa akilala siku tatu nje ya ghala, kichwa juu ya gunia, akingoja zamu yake. Siku ya tatu anatokea mtu na baiskeli mpya, anamtania karani kwa jina la utotoni, na magunia yake yanaingia ndani. Mzee Laurenti anabaki nje na vumbi lake. Akirudi nyumbani hakumpiga mtu wala hakutukana. Alikaa jikoni akivunja vijiti vya kuni, kimoja baada ya kingine, vidogo vidogo, mpaka mkewe aseme, "Baba Lea, utatumalizia kuni."

Ule mlio wa vijiti ndio Lea aliokua nao.

Baadaye biashara iliachiwa huru. Ghala la ushirika likawa makao ya popo, na kila mwenye mtaji akaleta mashine ya kukamua. Mzee Nasri Shamte, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na mabunda ya kaniki, alifunga duka la nguo akasimika mashine yake pembeni ya mji wa Singida. Wanunuzi wakawa wengi. Foleni ikabaki ileile, na wenye kuiruka wakabaki walewale.

Lea alisomea kompyuta Dodoma, akarudi, akapanga chumba karibu na stendi. Alichapa barua za watu za kuomba kazi, akatengeneza kompyuta zilizojaa vumbi, na wateja walipopungua akaandika programu. Mwaka 2013, alizeti ilipojaa mpaka barabarani, mzee Shamte alimwita.

"Watu wanapigana pale kwangu," alimwambia. "Kila mmoja anasema zamu ni yake. Unaweza kunitengenezea kitu?"

"Naweza, mzee," alisema Lea, na moyoni alisikia kijiti kikivunjika.

Aliuandika mfumo ule kwa JavaScript: ukurasa mmoja wenye vipande vinne, kila kimoja na kidirisha chake. Kimoja cha mizani, kimoja cha zamu, kimoja cha mashine, na kimoja cha ubao, yaani televisheni kubwa iliyotundikwa barazani ili kila mkulima aone namba inayoitwa. Mwanzoni alivifunga vipande vile kwa majina. Cha mizani kilikijua cha zamu, cha zamu kikakijua cha ubao. Ukigusa kimoja, vyote vinaanguka kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Alifuta kazi ya wiki mbili kwa hasira akaanza upya.

Ndipo alipomkumbuka mgambo wa Sepuka na pembe yake. La mgambo likilia lina jambo, na mgambo hapiti nyumba kwa nyumba. Anapuliza pembe, anasema neno lake, basi. Nani amesikia na nani hakusikia si kazi yake. Mwenye jambo atatoka mlangoni. Lea akaweka katikati ya mfumo wake kitu kama pembe ile, akakiita Mbiu. Kipande chenye habari kinaipa Mbiu tangazo, kwa mfano "mzigo umekwisha". Kipande kinachotaka kusikia kinajiandikisha kwa Mbiu: kinatega sikio. Tangazo likitoka, kila sikio lililotegwa linasikia na kufanya kazi yake. Zamu inasogea namba moja. Ubao unabadilika. Saa ya mashine inaanza upya. Mtangazaji hamjui msikilizaji, na msikilizaji hamjui mtangazaji.

Hapo ndipo alipoupenda mfumo wake kama mtu anavyopenda kisasi. Asiyejua jina lako hawezi kukupendelea. Na ili asiwepo karani wa kucheza na watu, hakuweka kitufe cha kurudisha namba nyuma. Zamu ikienda, imekwenda.

"Kompyuta haina ndugu, mzee," alimwambia Shamte siku ya kuuzindua. Mzee aliupenda msemo huo, akawa anausema kwa kila aliyeshuka na gunia.

Aliyekaa kwenye kompyuta alikuwa Johari, mtoto wa marehemu kaka yake Shamte, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole, aliyekulia nyuma ya kaunta za duka. Yeye alipokea magunia, akayapima, akampa mkulima namba, na mzigo ulipomaliza kukamuliwa alibonyeza kitufe ili Mbiu itangaze. Ilikwenda vizuri siku nne, Lea akikaa naye kumfundisha na kumshikia kiti kila alipotoka. Ya tano, Johari alimpigia Lea simu.

"Mwalimu, zamu inaruka."

"Inarukaje, dada?"

"Kumi na nne ikimaliza, inakuja kumi na sita. Kumi na tano yuko hapa amekaa juu ya gunia, ananitazama kama nimemla."

Lea alifika asubuhi yake. Kama fundi yeyote, kitu cha kwanza aliizima kompyuta akaiwasha. Kisha akabonyeza kitufe mara thelathini. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini, bila kuruka hata moja.

"Dada Johari," alisema, akifunga mkoba wake, "mfumo hauruki. Mtu ndiye anayeruka."

Johari alirudi kwenye kiti chake. Hakupiga simu tena.

Lakini zamu ziliendelea kuruka, na alasiri ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Namba zilikwenda kama panzi. Wakulima walianza kunung'unika. Kisha wakaona jambo lililowaudhi zaidi: mama mmoja wa Ihanja, Luciana, mjane mwenye mkokoteni wa punda, aliingizwa ndani wakati namba yake ilikuwa imepita zamani. Kesho yake wengine wawili. Ijumaa, Gasto, msimamizi wa mashine, alimkuta Johari na karatasi aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Ilikuwa na majina na namba, na Luciana wa Ihanja alikuwa wa kwanza.

Mzee Shamte alimwita Lea, na Lea alikuja na hasira ya miaka thelathini. Uwanja ulijaa: watu wa Sepuka, wa Ihanja, wa Mkiwa, wamekaa juu ya magunia na upepo wa Juni ukiwapiga maganda usoni. Shamte alimpa kipaza sauti cha kuitia namba.

"Waambie. Mfumo una kosa?"

"Hauna," alisema Lea, na sauti yake ilikwenda mpaka barabarani. "Niliuandika mimi. Hauna shangazi wala mjomba. Zamu zikiruka, kuna mkono."

"Mkono gani, Lea?" Johari alisema, bila kipaza. "Niangalie unapolisema hilo. Hao kwenye karatasi ndio waliorukwa. Niliwaandika ili niwaingize, kwa sababu hukuniwekea njia ya kuwarudisha."

Lea hakumwangalia. Alikuwa anamwona mtu mwingine kabisa, karani wa ushirika, aliyekufa zamani.

"Hata mtoto wa kaka yangu!" Shamte alipaza, na hakuhitaji kipaza. "Mashine ya Shamte haina ndugu. Johari, toka."

Mtu mmoja alipiga makofi, wengi wakafuata. Johari alikwenda kwenye mizani, akaifungua khanga iliyokuwa imefungwa kwenye mguu wa mizani, akajitanda, akatoka. Mama Luciana alikokota punda wake nyuma yake, na njia nzima watu walimwita mtoa rushwa.

Gasto alikalia kiti. Alikula mayai ya kuchemsha palepale kwenye kompyuta na hakuondoka mpaka jioni. Kwa wiki tatu haikuruka hata zamu moja. "Mnaona?" watu waliambiana. Lea naye aliona, na kila alipoona alisikia raha, kama aliyenyoosha mguu uliokufa ganzi.

Jumamosi moja ya Julai alikwenda kununua mchele kwenye duka la Mohamedi, kaka yake Johari. Hakujua kwamba Johari ndiye anayepima pale. Angejua asingekwenda. Alisimama mlangoni akifikiri arudi, na adhana ya adhuhuri ikaanza msikitini. Johari aliacha upawa ndani ya gunia. Akachukua khanga ileile, akaitandika juu ya mizani, akaibana pembe zote nne vizuri, kama anayemfunika mtoto.

"Kwa nini unaifunika?" Maneno yalimtoka Lea kabla ya salamu.

Johari alinyoosha pembe ya mwisho. "Mizani haiachwi wazi. Ukiondoka, unaifunika. Baba alitufundisha hivyo, na baba yake alimfundisha. Mizani iliyo wazi bila mwenyewe, kila mkono unapita. Ninyi wakulima hamjui haya. Ninyi mnapimiwa."

"Na kule mashineni ulikuwa unaifunika?"

"Kila nilipoondoka. Chai, adhuhuri, alasiri."

"Na kwenye kompyuta?"

"Na kwenye kompyuta nilifunga kile kidirisha cha zamu. Si nacho ni mizani tu? Nikirudi ninakifungua." Alivaa viatu. "Nenda, Lea. Naenda kuswali."

Lea hakununua mchele. Alitembea mpaka chumbani kwake karibu na stendi, kwa haraka ya mtu anayekwenda kuzima moto, akaufungua mfumo. Akabonyeza kitufe: moja. Akafunga kidirisha cha zamu, akakifungua tena. Akabonyeza: tatu. Akakifunga, akakifungua, akabonyeza. Sita.

Alikaa akilitazama lile sita.

Kila kidirisha kilipofunguliwa, kilijiandikisha kwa Mbiu, kikatega sikio. Kilipofungwa, kilitoweka kwenye skrini, lakini hakuna mahali alipokiambia kijiondoe. Sikio lilibaki. Kilipofunguliwa tena likaja sikio jipya juu ya lile la zamani. Tangazo moja, masikio mawili. Kila moja linasogeza zamu namba moja, kila moja linadhani liko peke yake. Baada ya chai mawili, baada ya adhuhuri matatu, baada ya alasiri manne. Jioni kompyuta inazimwa, masikio yote yanakufa, na asubuhi Lea anakuja, anaizima na kuiwasha, anasema mfumo hauruki.

Hakuwahi kukifunga kidirisha kile hata mara moja alipokuwa akiujaribu. Kwa nini angekifunga? Hakuna mtu kwao aliyewahi kumiliki mizani.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili: ukifungwa, jiondoe. Aliiandika akilia kwa hasira. Mistari miwili! Kwa mistari miwili amemvua mtu mzima nguo uwanjani. Halafu akachukua pikipiki mpaka mashineni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini? Macho mekundu."

Alimweleza yote ofisini, na mzee Shamte alisikiliza akizungusha kikombe chake cha kahawa.

"Umerekebisha?"

"Nimerekebisha."

"Alhamdulillahi. Basi imekwisha."

"Haijaisha, mzee. Dada Johari hakuiba zamu ya mtu."

"Johari yuko kwa kaka yake, anakula, analala. Nitampelekea debe la mafuta."

"Debe la mafuta?"

"Sasa unataka nini wewe? Nisimame pale niwaambie watu Shamte alifukuza damu yake kwa sababu ya televisheni?"

"Kwa sababu yangu. Nitasema mimi."

"Utasema wewe, watanicheka mimi." Aliweka kikombe chini. "Sikiliza, binti. Mwezi ujao nafungua mashine ya pili Mkiwa. Nilitaka mfumo huohuo, wewe uusimamie. Ukienda kuwaambia una kosa, hakuna mkulima atakayeuamini, na mimi sitakuwa na haja nao. Wala na wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Alitoka akasimama ukutani. Kulikuwa na ufagio wa njiti umeegemezwa pale. Alishtuka baadaye kidogo alipoona vipande vya njiti miguuni pake, vidogo vidogo, na vingine mkononi. Akavitupa. Baba alikuwa na haki ya kuvunja vijiti, kwa sababu baba alirukwa. Yeye ndiye aliyeruka watu.

Alikwenda kwa Gasto akakichukua kipaza mezani.

"We Lea, nataka kuita namba hapo!"

"Utaita nikimaliza."

Aliwaambia. Hakutafuta maneno laini. Alisema mfumo uliruka zamu na aliyeuandika ni yeye. Alisema dada Johari alimwambia mapema naye akamjibu kwa dharau. Alisema ile karatasi ilikuwa ya watu waliorukwa, si waliohonga, na kwamba Johari alikuwa akiziba kwa kalamu shimo alilochimba yeye. Akaeleza habari ya masikio.

Mzee mmoja mwenye koti la mvua akauliza, "Kwa hiyo kompyuta nayo ina ndugu?"

"Haina ndugu, ina masikio mengi kuliko jirani yangu!" mwingine akadakia, na uwanja mzima ukacheka.

Mwanamke mmoja hakucheka. Alishuka kwenye mkokoteni wa punda nyuma ya umati, watu wakampisha.

"Unanijua?" aliuliza.

"Mama Luciana. Shikamoo."

"Sijaitikia. Unanijua jina kwa sababu lilikuwa kwenye karatasi." Alimsogelea mpaka Lea akasikia harufu ya mashudu ya alizeti kwenye nguo zake. "Siku ile hapa palikuwa na watu wa Ihanja, wa Sepuka, wa Mkiwa. Leo kuna nani? Hesabu. Wale wameshauza, wamekwenda. Neno la kunichafua lilipanda magari yote, likafika nyumbani kabla yangu. Kanisani wananikwepa kama mtu mwenye ukurutu. Hili lako la leo litapanda gari gani?"

Uchungu wa Lea ni kwamba alilijua jambo lile kuliko mtu yeyote uwanjani. Mbiu haimrudii asiyekuwepo. Aliyechelewa kutega sikio hasikii lililopita, na aliyepuliza pembe hajui nani alisikia. Yeye mwenyewe alikuwa amejisifia kitu hicho.

Mlango wa ofisi ya Shamte ulifungwa, bila kelele. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba Mkiwa imekwenda.

Jumatatu alirudi dukani kwa Mohamedi. Kulikuwa na watu watano kwenye mizani. Alipojaribu kusogea mbele, Johari alisema bila kuinua macho, "Kuna foleni." Akasimama nyuma. Akawa wa nne, wa tatu, wa pili. Alipofika mbele, adhana ikaanza. Johari akaifunika mizani, akabana pembe nne, akatoka kwa mlango wa nyuma. Lea alisimama palepale, na nyuma yake walikuja wengine, wakamuuliza, "Anarudi?" akawajibu, "Anarudi." Hakuna aliyempita.

Johari alirudi, akaiondoa khanga.

"Haya. Unataka nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi, dada. Kosa lilikuwa la..."

"Nimesikia. Mohamedi alipita barabarani ukiwa na kipaza." Alichota mchele, akaumwaga tena guniani. "Wewe unapenda sana kipaza. Ulinichafua kwa kipaza, umenisafisha kwa kipaza, halafu umekuja dukani nikuitikie."

"Sikuja uniitikie. Nimekuja uniambie nifanye nini."

Mtu wa nyuma akakohoa. Johari akasema taratibu, kama anayepima: "Mimi hununua karanga Ihanja, kila Jumatano ya mnada. Wiki ya nne hii siendi. Watoto wananiita Bi Ruka. Utakwenda wewe. Bila kipaza. Mtu mmoja mmoja."

"Siwajui wote waliosikia."

"Basi utauliza. Si ulikuwa unajisifu kwamba hujui jina la mtu?"

Jumatano Lea alishuka Ihanja asubuhi na daftari la shule la kurasa themanini. Upepo ulikuwa unavuruga mnada mzima, ukipeperusha vumbi la ng'ombe na mifuko ya nailoni. Alianza kwa mama Luciana, aliyekuwa akiuza mashudu karibu na zizi.

"Shikamoo, mama."

Mama Luciana alimtazama, akalitazama daftari, akafunga mdomo wa mfuko. "Marahaba."

"Nani uliyemsikia akikuita mtoa rushwa?"

"Unataka wote?"

"Wote."

Alimtajia kumi na mmoja. Mshona viatu, mke wa katekista, shemeji yake mwenyewe. Lea aliandika kila jina, na hasira yake, ambayo maisha yake yote ilikuwa ya mtu aliyeonewa, ilikaa kifuani bila mahali pa kwenda. Akaipeleka mkononi, kwenye kalamu.

Wa kwanza alikuwa muuza kamba. Alikuwa anasokota, akamsikiliza kwa sikio moja, kisha akatikisa kichwa.

"Aa, yale ya mashine ya Shamte? Mimi nilishasahau, dada. Yameisha hayo."

"Ulimwambia nani kabla hujasahau?"

Mtu yule aliacha kusokota.

"Wawili watatu hivi. Wa kilabuni pale."

"Nitawafuata. Lakini kwanza sikia wewe." Akamweleza tangu mwanzo: kidirisha, khanga, karatasi. Alipomaliza, alifungua ukurasa mpya akauliza, "Jina lako ni nani?"

"La nini tena?"

"Nijue nani amesikia."

Muuza kamba aliangalia huku na huku, kisha akalitaja. Lea akaliandika, akapiga mstari chini yake, akaelekea kilabuni.